Niliinua gari yangu nyuma kwa spacers, mwenyewe, na shamba sikuachia mtu

Wakuu, habari zenu. Vijana niaje, wazee nawasalimia kwa heshima.

Haya naandika ni ukweli mtupu. Kama kuna mahali nilikuwa mjinga, nitapaandika hivyo hivyo, sina haja ya kujipamba.

Kwanza nianze na nyinyi wenyewe.

Mwezi wa pili niliuliza hapa swali moja tu: mtu anawezaje kuinua SUV upande wa nyuma kwa kuweka spacers kwa coil springs? Swali la kawaida kabisa. Mkanijibu nini?

Mmoja akaandika, "Madam, mwambie mzee wako ndio aulize." Mwingine akasema niuze gari ninunue punda. Huyo wa punda alipata likes kuliko mtu mwingine yeyote kwa ule uzi. Nilisoma zote, msidhani sikuona.

Mzee wangu, bwanangu, hawezi kuuliza. Alifariki mwaka juzi.

Sasa kaeni niwaambie.

Naishi Section 58 hapa Nakuru, nina wasichana wawili, mkubwa anaitwa Kui. Nina kaduka ka nguo za watoto town. Marehemu aliniachia vitu viwili vya maana: hiyo SUV, na ekari mbili za shamba huko juu Mau Narok, zenye alikatiwa na babake. Kaduka kananilisha. Viazi za hiyo shamba ndio zinasomesha watoto.

Gari ni aina gani sitasema. Nawajua, mtaanza vita vya hii brand na ile na uzi wangu upotee.

Shida ilikuwa moja. Springs za nyuma zilikuwa zimechoka. Gari ikiwa tupu, inaonekana sawa. Ukipakia magunia ya mbegu ya viazi, inakaa kama mbwa amekalia mkia.

Na hiyo barabara yetu, wueh. Ukitoka lami kuna murram ya kubembeleza, halafu kuna kipande cha mwisho cha kuingia kwetu. Malori ya viazi na matrekta yamechimba mitaro miwili ya magurudumu, katikati kumebaki tuta gumu. Gari ikilala nyuma, tumbo linakaa juu ya hilo tuta na magurudumu yanazunguka bure kwa matope.

Misimu miwili nimekwama hapo, mahali pale pale.

Na mara zote mbili nilivutwa na shemeji yangu Ndung'u, mdogo wa marehemu. Ako na trekta. Sikatai, alinivuta. Lakini mara ya pili alikuja siku ya tatu, eti trekta ilikuwa na kazi. Mbegu ilinyeshewa ikaanza kuoza kwa gunia nikiiangalia.

Basi mwezi wa kwanza tukaitwa nyumbani kwa baba mkwe. Baada ya kanisa, chai na ngwaci, viazi vitamu vya kuchemsha, kila mtu amekaa vizuri. Ndung'u akasimama.

"Baba, hiyo shamba inalala bure. Mama Kui ni mtu wa town, gari yake haifiki. Mimi niko hapa na trekta. Wacha nikuwe nalima, na yeye nitakuwa namtolea gunia moja ya kupika."

Gunia ya kupika! Shamba ya bwanangu, mimi nipewe gunia ya kupika kama mtu wa kuombaomba. Nilitaka kumwagia mtu chai.

Baba mkwe wangu si mtu wa maneno mengi. Alimaliza kikombe chake, akasema, "Mvua ikishika, nitawaambia siku ya kupanda. Mama Kui alete mbegu yake. Akifika, apande. Asipofika siku hiyo, Ndung'u apande."

Wenye hamjaishi huko hamtaelewa uzito wa hayo maneno. Mtu akipanda shamba yako msimu mmoja, wa pili anaweka fence. Wa tatu anakuuliza unatafuta nani.

Mtasema si ungekodisha pickup. Nilijaribu. Wakati wa kupanda pickup zote za Njoro, mji wa njiani, zimeshikwa, na wenye wanabaki wakisikia ni barabara gani, simu inakatika. Na mimi pia nilikuwa nimechoka kupelekwa. Nilitaka kujipeleka.

Ndio nikauliza hapa, mkanicheka. Sawa. Nikasoma kwingine, nikanunua spacers.

Kwa wenye hawajui, spacer ni pete nene, ngumu, inakaa juu ya spring, kati ya spring na body. Unene wake ndio gari inapanda. Zangu zilikuwa inchi moja na kitu. Si nyingi, lakini tuta halikuwa linanishinda kwa mengi.

Nikapeleka gari kwa fundi wetu wa miaka yote, nitamwita Mwas. Huyo ametengeneza hii gari tangu marehemu akiwa hai. Nikamwekea spacers mezani.

Akaziangalia, akaziweka kando.

"Mathe, wacha kwanza niongee na mwenye gari."

"Mwenye gari ni mimi."

"Ee, najua. Lakini mambo ya kuinua gari tunaongeanga na wanaume. Usiskie vibaya."

Na akampigia Ndung'u! Nikiwa nimesimama hapo, na simu ameweka loudspeaker, mafundi wengine wanaskiza. Ndung'u akasema, "Usiguse hiyo gari. Mwekee tu mpira, atatulia."

Mpira ni ile mchezo mnajua. Wanakata tairi ya lori vipande, wanasukuma katikati ya mizunguko ya spring. Ukipiga bumps kadhaa kimoja kinaruka, gari inabaki imeinama upande kama mtu ana mguu mfupi. Na kama haikuruka, spring inafanya kazi nusu mpaka inakatika. Mwas alijua hivyo vizuri. Hicho "atatulia" ndicho kilinimaliza kabisa.

Nilichukua spacers zangu. Nikachukua ufunguo. Mwas akaniita nirudi tuongee, nikamwambia aongee na mwenye gari.

Nilienda nyumbani nikaapa mbele ya sufuria, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine kwa jikoni, kwamba hiyo gari itainuka na mikono yangu.

Wiki nzima nilisoma manual na kuangalia video duka likiwa halina watu. Nikatafuta jeki ya maana na stendi mbili. Spana nilikuwa nazo, zilikuwa ndani ya box kwa boot miaka yote, mimi sijawahi kulifungua. Na niseme ukweli, nilipofungua hilo box nilimkumbuka mzee wangu na nikamkasirikia pia. Miaka kumi na mbili kwa ndoa na hakuwahi kunionyesha jeki inawekwa wapi. Nilimlilia na nikamgombeza, vyote pamoja.

Jumamosi asubuhi nikaanza, pale parking ya plot yetu ya ghorofa. Msaidizi wangu alikuwa jirani, Mama Shiru, mpika chapati, mtu hajawahi kushika spana maishani. Alikuja na leso kiunoni na thermos ya chai.

Kufika saa nne balcony zote zilikuwa na wanaume. Sijui walikuwa wanafanya nini Jumamosi zingine. Kila mtu ni injinia. "Madam, geuza upande ule mwingine!" "Hapana, anza na gurudumu!" Hakuna hata mmoja alishuka ngazi. Mama Shiru akawauliza kama wataendelea kupiga kelele ama wataleta sukari, chai ilikuwa haina.

Hapa someni vizuri, msije mkaniletea matanga.

Mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Handbrake juu. Jeki inainua, lakini inayoshikilia gari ni stendi, na stendi inakaa kwa chuma ya body. Mtu asiweke kichwa chini ya gari imeshikwa na jeki peke yake. Hata sekunde moja. Mimi nina watoto na nyinyi pia mnao.

Unatoa gurudumu. Unaweka jeki chini ya lower arm, ile mkono wa chuma wenye spring imekalia, ikuwe imeubeba. Unafungua bolti ya chini ya shock absorber. Halafu unafungua bolti kubwa ya mwisho wa lower arm, na unashusha jeki polepole sana. Spring inalegea yenyewe mpaka unaitoa na mikono. Mkiona bado imejikaza, msiivute, shusheni jeki zaidi.

Maneno rahisi, si ndio? Sasa ngoja.

Hiyo bolti kubwa ilikataa. Kutu ya miaka. Tukamwaga mafuta ya kulainisha, tukangoja, tukanywa chai, ikakataa. Nikachomeka bomba la chuma kwa spana ndio ikuwe ndefu. Nikavuta. Ikakataa. Mama Shiru akashika nyuma yangu, tukavuta wote wawili kama watu wanatoa ng'ombe kwa shimo.

KWAA!

Balcony ya pili: "Sasa mmeivunja!"

Mimi mwenyewe nilijua nimeivunja. Nikaingiza mkono, nikaishika bolti, ikazunguka na vidole. Ilikuwa imelegea. Mama Shiru alipiga nduru, watoto wa plot wakaja mbio wakidhani kuna mtu ameanguka.

Spring ikatoka. Nikaweka spacer juu yake, na kile kimpira chake cha kawaida kikarudi mahali pake. Kumbukeni, mwisho wa waya ya spring una kidato chake, lazima ukae hapo sawasawa. Mara ya kwanza niliukosa, ikabidi nishushe tena. Upande wa pili ulikuwa rahisi kidogo, mikono ilikuwa imejua.

Sasa nifike kwa ujinga wangu.

Kila kitu kikiwa kimerudi, gari bado iko juu kwa stendi, magurudumu yananing'inia, nilianza kukaza. Na nilikaza kwa hasira. Kila bolti nilikuwa nimeipa jina la mtu. Mwas alikuwa na yake. Ndung'u alikuwa na mbili. Mtu wa punda pia sikumsahau. Nilikaza mpaka mkono ukauma.

Nikashusha gari. Imesimama! Nyuma iko juu, imekaa kama gari ya watu. Hata balcony zilipiga makofi. Nililala siku hiyo nikiwa na mgongo mbovu na furaha.

Jumatatu gari ikaanza kulia. Kila bump, kwii, kwii, na nyuma imekuwa ngumu inaruka kama mkokoteni. Niliona uso wa Ndung'u akicheka.

Nikarudi kwa ule uzi wangu wa kuchekwa, nikaandika tu kwamba nimefanya na gari inalia. Hapa sasa nimshukuru mkuu mmoja, fundi wa malori huko Salgaa. Sitamtaja, anajijua. Aliniandikia inbox. Hakucheka, hakuniita mathe. Aliuliza swali moja: "Ulikaza gari ikiwa hewani?"

Nikamwambia ndio.

Akanieleza. Ndani ya lower arm kuna bush, mpira umeshikana na chuma. Ukikaza bolti magurudumu yakining'inia, mpira unashikwa ukiwa kwa hiyo hali. Ukishusha gari, unabaki umesokotwa kila siku, unalia, na mwishowe unapasuka. Akasema: "Legeza. Simamisha gari kwa magurudumu yake. Iwekee mzigo wenye inabebanga. Ndio ukaze."

Mzigo wenye inabebanga! Wakuu, mzigo ulikuwa kwa store yangu.

Nikapandisha magurudumu ya nyuma juu ya mbao nene ndio nipate nafasi ya kuingia, mawe kila mahali. Nikalegeza zile bolti. Mimi na Mama Shiru tukapakia magunia matano ya mbegu. Gari ikashuka kidogo, ikatulia. Nikaingia chini, nikakaza tena, pole pole, kwa akili, bila kutaja jina la mtu.

Ile kelele iliisha. Hadi leo sijaisikia.

Nikaangalia pipe za brake kama zimevutika, zilikuwa na nafasi. Nikapeleka wheel alignment. Nikarekebisha na taa za mbele, kwa sababu nyuma ikipanda, taa zinaanza kuangalia chini.

Mvua ikashika. Baba mkwe akapiga simu, neno moja: "Kesho."

Baadaye Ndung'u naye akapiga, sauti tamu kama ya mtu anauza bima. "Mama Kui, usijali. Nitakungoja kwa kona ya kuingia kwetu na trekta, ukikwama nikuvute."

Asubuhi nikatoka na magunia matano ya kwanza, mengine ningerudia. Njoro nikapita, lami ikaisha, murram nikaimaliza. Nikafika kwa kona.

Hakukuwa na trekta.

Nikangoja kidogo. Nikampigia, simu inaita tu. Matope yalikuwa yanang'aa, mitaro imejaa maji, tuta limesimama katikati. Hapo ndio niliogopa sana. Nikikwama hapa leo, hakuna wa kunivuta, na siku itaisha nikiwa kwa matope. Kui atamaliza shule na nini?

Nikaweka gear ya chini kabisa, nikaingia.

Gari ilitelezea kushoto, nikaiacha ipate njia, nikairudisha. Niliomba Mungu na nikatukana, sijui gani ilikuwa mingi. Nilikuwa nangoja ile sauti ya tumbo kukwaruza. Nilisikia nyasi za katikati zikipapasa chini. Matope yakirushwa. Basi. Nyasi tu. Nilipofika mahali pale nilikwamanga, nilipita, na sikujua nimepita mpaka nikaona mti wa jirani.

Nilipiga kelele ndani ya gari peke yangu kama mtu wazimu.

Halafu nikafika kwa shamba yangu, na nikaona trekta.

Ilikuwa ndani. Ndung'u alikuwa ameshachimba mitaro ya kupanda karibu ekari zote mbili. Magunia ya mbegu yake yamepangwa kando. Wamama wa kazi wamesimama na ndoo. Huyu mtu hakungoja hata nikwame. Alikuwa na uhakika hivyo.

Akaniona akashuka kwa trekta. "Mama Kui! Umepitia wapi?"

"Barabarani."

Baba mkwe alikuwa anakuja kutoka bomani na fimbo yake. Ndung'u akamwahi. "Baba, si umeona kazi imeanza? Wacha tumalizie tu, Mama Kui atapanda msimu ujao."

Mzee alizunguka gari yangu yote, taratibu. Akaangalia matope. Akaangalia magunia kwa boot.

"Nani amekuvuta?"

"Hakuna mtu, Baba."

Akageuka. "Ndung'u, uliniambia utamngoja kwa kona."

Ndung'u akaanza hadithi ya diesel. Mzee akamwacha aongee mpaka akajichokea, halafu akasema, "Toa mbegu yako kwa shamba ya Mama Kui."

Aliitaja hivyo mbele ya wale wamama wote. Shamba ya Mama Kui.

Sasa shemeji akabaki anaangalia magunia yake. Trekta ilikuwa imefungwa jembe, trailer aliiacha kwake, ng'ambo ya kijito. Akanijia, akacheka kidogo. "Mama Kui, si hiyo gari yako sasa inapanda kila mahali. Nisaidie kuhamisha haya magunia, ni dakika kidogo."

Nilimwangalia. Nilifikiria siku tatu nikiangalia mbegu ikioza.

"Gari yangu imejaa, shemeji."

Akabeba. Gunia moja moja mgongoni, kwa matope, akivuka kile kijito, akirudi. Mimi nilivua viatu, nikapanda viazi zangu kwa mitaro yenye alikuwa amechimba na diesel yake. Ilikuwa imenyooka sana, siwezi kumnyima hiyo.

Kwa hivyo wakuu, nilichojifunza ni hiki. Bolti za bush zikazwe gari ikiwa imesimama kwa magurudumu na mzigo wake wa kawaida, msikaze na hasira. Stendi ni lazima. Na mtu akikwambia kitu ni cha wanaume, angalia vizuri anataka kubaki na nini.

Mwenye ana swali la spacers aulize, nitajibu yote, hata ya kijinga, sitamcheka. Na mwenye anaona nilikosea kumnyima shemeji gari siku hiyo, pia aandike hapo chini. Nitasoma. Msamaha siombi.